Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Habari za fedha atawapa mweka hazina, hatudaiwi. Mimi leo naomba kuzungumzia miti.

Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Ukipiga hesabu, hiyo ni zaidi ya miche milioni 4 kila siku, Jumapili ikiwemo. Nia siipingi. Napinga kipimo: mche unahesabiwa ukitiwa shimoni, si ukimaliza kiangazi.

Ushahidi tunao. Mei 10, siku tuliyopewa mapumziko ya kuomboleza waliokufa kwenye mafuriko na kupanda miti, tulishuka mtoni Mathare, hapa Nairobi, na miche 200 tuliyoletewa kwa lori. Karibu yote mikaratusi! Mti unaopandwa kukausha kinamasi, sisi tunauweka ukingoni mwa mto. Tulipanda, tukapigwa picha, tukaandikwa. Agosti Katibu alipita na daftari lake akakuta 61 ndiyo hai. Mingine imeliwa na mbuzi, mingine imefunikwa na taka. Lakini mikuyu 9 tuliyoiotesha wenyewe kwenye pakiti za maziwa imeshika yote.

Na mafuriko yenyewe hayakuletwa na uhaba wa miche. Mvua ikinyesha juu ya saruji na mabati haina pa kuzama, inatafuta mto. Nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka mtoni zikabomolewa, watu wakalala nje, na kipande chetu mpaka leo ni kifusi kitupu. Ukingo haujarudishiwa hata nyasi.

Sifa ipo, nisiifiche: umeme wetu mwingi unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, na sheria ya mabadiliko ya tabianchi tunayo tangu 2016. Ila Julai 2023 Rais alitangaza kuondoa marufuku ya kukata miti iliyokuwapo tangu 2018. Tuliambiwa ni miti ya mbao iliyokomaa tu. Labda. Lakini mti wa miaka 30 una kivuli, ndege na udongo wake. Huwezi kuulipia kwa mche wa shubiri moja.

Kamati inapendekeza tusipokee tena mche tusioujua jina, na kila mwanachama alete pakiti 5 za maziwa kabla ya mvua za Machi. Mbegu za mkuyu zipo. Mbuzi nao wapo. Wenye mbuzi nimeshaongea nao mara mbili.