Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wakazi

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kazi yetu kubwa ilikuwa kupeleka serikalini taarifa za magari yaliyotelekezwa mtaani, pamoja na za sehemu ambazo wenzetu wenye ulemavu hawawezi kupita. Tulianza na orodha mbili, lakini baada ya kuzunguka mtaa tukaziunganisha.

Tulizunguka na wenzetu wawili, mmoja anatumia kiti mwendo na mwingine fimbo nyeupe. Gari likishakufa husukumwa pembeni, na pembeni mwa barabara nyingi za Dar es Salaam ndiko wanakopita waenda kwa miguu. Mbele ya gereji bubu ya karibu na soko kulikuwa na daladala isiyo na injini, imekalia mawe, tairi zake zimelazwa juu ya mfuniko wa mtaro. Mwenzetu wa kiti mwendo ilimbidi ashuke barabarani, katikati ya bajaji na bodaboda, na mbele akakosa pa kupandia tena.

Tairi zile zilikuwa na maji. Tuliokuwepo jijini mwaka 2014 na 2019 tunaikumbuka homa ya dengue. Mbu wake huuma mchana na hupenda kutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya tairi, ndoo na makopo. Kwa hiyo barua yetu kuhusu daladala ile tuliipeleka pia kwa afisa afya wa kata, na yeye ndiye aliyefika kwanza. Fundi wa gereji akapewa notisi, akaiondoa daladala. Ni jirani yetu wa miaka mingi, naomba asisimangwe.

Wapo wanaosema tunachongea watu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kila mara kamati hupiga hodi kwanza kwa mwenye gari, na magari mengi yameondoka kwa mazungumzo tu. Barua huandikwa pale mazungumzo yanaposhindikana. Ianzie kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa diwani, na ya kwetu igongwe muhuri wa kupokelewa, maana simu haiachi kumbukumbu. Andikeni namba ya gari kama bado ipo, kwa sababu gari lina mwenyewe na anatakiwa apewe notisi kabla halijavutwa. Picha ionyeshe kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme. Na ikiwa tatizo ni la barabara yenyewe, ulizeni kwanza ni ya nani: barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, za mitaani ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu ilipoanza mwaka 2017.

Ofisi moja inayohudumia wananchi hapa jirani ilijenga njia ya mteremko pembeni mwa ngazi zake. Tukapima kwa futi kamba. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi zina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo njia ilitakiwa iwe na mita 5.4. Ile haifiki hata mita 2. Mwenzetu alisukumwa na vijana wawili kupanda, na kushuka ikabidi ashikiliwe asipinduke. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na njia ya namna hiyo haifikishi mtu. Vipimo tumewakabidhi kwa maandishi, tunasubiri majibu.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina.

Limebaki gari dogo lililoziba njia ya zahanati. Mwenyewe alifariki, na familia bado haijapata msimamizi wa mirathi, hivyo hakuna anayeweza kuliuza wala kuruhusu livutwe. Tumewaomba wafiwa walau lisogezwe ndani ya uzio wao, nao wamekubali. Tunahitaji vijana wa kulisukuma Jumamosi asubuhi. Majina yaandikwe kwa katibu kabla hatujatawanyika.