Wazazi wa Malindi, msimuongezee mtoto miaka kortini

Kwa wazazi wa Shella, Maweni, Barani na Kisumu Ndogo,

Assalaam aleykum. Naandika nikiwa na uchungu. Kila kijana akikamatwa, kuna ushauri mmoja unaopita nje ya kituo cha polisi na kwenye varanda za korti: "Mwambie aseme ana miaka kumi na minane, akubali kosa, mlipe faini, mrudi naye leo leo." Na mzazi, kwa hofu ya mtoto kulala rumande, anaufuata. Kijana wa miaka 15, sharubu ndiyo kwanza zinachipuka, anafundishwa uongo na mamake mwenyewe kisha anasimamishwa kwenye kizimba cha wakubwa.

Mwajua mnachompokonya? Kwa sheria ya Kenya, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imempa mahakama yake. Kesi yake husikizwa chumba kingine, au saa nyingine, mbali na kesi za watu wazima, bila watazamaji. Jina lake, shule yake na picha yake havitangazwi. Akikosa wakili, mahakama yaweza kuagiza apewe kwa gharama ya serikali. Kosa likithibitika, hata maneno "kutiwa hatiani" na "kifungo" hayatumiki kwake, na jela hapelekwi. Hakimu hutaka kwanza ripoti ya afisa wa watoto au wa probesheni, yaani anayemsimamia mkosaji akiwa nje ya kifungo: nyumbani kukoje, shule anaenda, nani anamlea. Ndipo huamua aachiliwe, awekwe chini ya probesheni, apate ushauri nasaha, apelekwe shule ya kurekebisha tabia, au akiwa ametimiza miaka 16, aende Borstal, taasisi ya kurekebisha vijana, kama ile ya Shimo la Tewa.

Mkimuongezea miaka mitatu, hayo yote hayamhusu tena. Akisema "ni kweli", huandikwa amekiri kama mtu mzima. Faini ikiwashinda, gereza ni la wakubwa. Na siku atakapotaka cheti cha tabia njema ili aajiriwe hotelini, lile kosa litakuwa linamngoja. Hofu yenu ya rumande naielewa, lakini mtoto ana haki ya dhamana, na hapa Malindi iko rumande ya watoto peke yao. Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zote zikishindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na asichanganywe na watu wazima.

Umri ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa kwanza. Kama hamna, ile kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne ndani ya kabati, imechakaa kwenye mikunjo. Isomeni kabla ya kwenda. Cheti kinasema Hamisi, kadi inasema Khamis, shuleni aliandikishwa kwa jina la babu, na hapo kesi inasimama. Karatasi zikikosekana, mahakama huagiza daktari. Hutazama meno, hupiga picha ya mifupa ya mkono, na jibu lake huwa makadirio, tuseme kati ya miaka 17 na 19. Kijana wa miaka 17 aweza kupotelea hapo. Kama uongo umeshasemwa, msikae kimya: kesi ikiitwa tena, simameni na karatasi mkononi mumwambie hakimu umri wa kweli.

Mengine kwa ufupi. Aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai. Aliyetimiza 12 lakini hajafika 14 huchukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya, mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Polisi wanatakiwa wawajulishe ninyi, na mtoto afikishwe kortini ndani ya saa 24. Kesi ya mauaji huenda Mahakama Kuu. Mtoto akishtakiwa pamoja na mtu mzima, mahakama ya watoto haiisikizi kesi hiyo. Nanyi wanaume mnaowabebesha watoto bangi mkidhani mmejificha nyuma yao, mnawafungia mlango wa mahakama ya watoto.

Yapo pia makosa madogo ambayo mwendesha mashtaka aweza kuyamaliza nje ya korti: mtoto akikubali mwenyewe bila kulazimishwa, nanyi mkaridhia, ataomba radhi, atarudisha kitu au atahudhuria ushauri, na hilo halihesabiwi kuwa rekodi ya jinai. Msilichanganye na maslaha ya barazani, yaani suluhu ya kienyeji, ambako mtoto aliyenajisiwa hulipiwa pesa na kesi ikazikwa.

Na nyinyi vijana wa bodaboda, mtoto akishikwa na simu ya watu, zimeni kamera. Korti itamficha jina lake miezi yote, nanyi mmeshauonyesha uso wake kwa mji mzima kwa dakika tano.

Simu ya msaada wa watoto ni 116, haina malipo. Leo, kabla ya magharibi, kitafuteni cheti cha kila mtoto wa nyumba, mkitie ndani ya mfuko wa plastiki, na mwambieni dada mkubwa kilipo.

Wasalaam.