Safari ya Guilin Jumamosi
Habari za jioni ndugu zangu wa Guangzhou. Jumamosi tunapanda treni ya mwendokasi kwenda mji wa Guilin, hapahapa China, kutoka stesheni ya Guangzhou Kusini. Kila mtu abebe pasipoti yenyewe, siyo picha kwenye simu. Tiketi imeunganishwa na namba yake, bila hiyo hupandi. Hoteli itatuandikisha polisi. Atakayelala kwa rafiki ajiandikishe ndani ya saa 24, nawasihi sana msilipuuze hili. Kuhusu chakula: tambi za mchele za Guilin, mifen, ni tamu mno, ila supu yake mara nyingi ina mifupa ya nguruwe. Waislamu tutafute kibao cha qingzhen, yaani halali. Wenye watoto niambieni leo, nataka tukae behewa moja.