Homenetmen na Homenmen ni vilabu viwili, msijumlishe mataji yao

Ndugu Mhariri,

Jedwali mlilochapisha pamoja na makala ya vilabu vya Waarmenia walio ughaibuni limeipa Homenetmen ya Beirut mataji 11 ya ligi kuu ya soka ya Lebanon. Hapana. Homenetmen ina mataji 7. Manne yaliyozidi ni ya Homenmen, klabu nyingine kabisa ya Waarmenia wa mji huohuo, iliyoshindana nayo kwa miaka mingi kugombea ubingwa uleule.

Kosa hili hutokea mara kwa mara, na si vigumu kuona linakotoka. Kwa maandishi ya Kiarabu majina haya mawili yanatofautiana kwa herufi moja tu, te, katikati ya neno. Nukta zake mbili zikififia kwenye gazeti la zamani, jicho hupitiliza. Kisha anakuja mwandishi wa pili, anadhani ni klabu moja iliyoandikwa kwa tahajia mbili, anajumlisha. Ndiyo maana ni lazima kwenda msimu kwa msimu. Homenetmen ilichukua ubingwa 1943/44, 1945/46, 1947/48, 1950/51, 1954/55, 1962/63 na 1968/69. Homenmen ilichukua 1944/45, 1953/54, 1956/57 na 1960/61. Ukiyapanga hayo kwa mfuatano utaona jambo ambalo jumla ya 11 inalificha: katika misimu mitatu ya kwanza ya orodha hiyo kombe lilikwenda Homenetmen, likahamia Homenmen, likarudi Homenetmen. Huwezi kusimulia ushindani huo kama umekwisha kuwaunganisha wapinzani.

Tahadhari nyingine kwa anayetengeneza jedwali: ligi ya Lebanon ina mapengo mengi, na pengo lisijazwe kwa kukisia. Baada ya msimu wa 1956/57, bingwa aliyefuata alipatikana 1960/61. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1975 ligi ilikatika, hadi Al Ansar ilipotwaa ubingwa 1987/88. Vilevile andikeni msimu kwa miaka yake miwili. Mkiandika "1968" peke yake, msomaji mmoja atadhani ni 1967/68 na mwingine 1968/69, na hapo ndipo taji moja huzaa mawili.

Kuna tofauti ya asili pia. Homenetmen imekuwa karibu na chama cha Dashnak, na Homenmen karibu na Hunchak, vyama viwili vya siasa vya Waarmenia vilivyoanza kabla ya karne ya 20. Bourj Hammoud, mtaa wa Waarmenia ng'ambo ya Mto Beirut, familia zilijua zinashangilia upande upi na kwa nini.

Sasa kuhusu mwaka na mahali pa kuanzishwa. Makala inasema wakimbizi waliiunda Homenetmen mjini Beirut. Wakimbizi waliunda tawi la Beirut, mwaka 1924. Chama chenyewe cha Homenetmen kilizaliwa Istanbul mwishoni mwa 1918, mara baada ya Dola ya Osmani kuweka silaha chini, na mizizi yake inakwenda nyuma zaidi ya hapo. Shavarsh Krissian alianzisha jarida la michezo la Kiarmenia, Marmnamarz, mwaka 1911, na mwaka huohuo Waarmenia wa Istanbul wakaanza mashindano yao ya riadha ya kila mwaka. Mwaka 1912 vijana wawili Waarmenia, Vahram Papazian na Mkrtich Mkryan, waliiwakilisha Dola ya Osmani katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm. Papazian alikimbia mbio za kati. Mkryan aliingia katika kutupa tufe na mashindano ya michezo mseto. Krissian aliuawa mwaka 1915 katika mauaji ya kimbari ya Waarmenia.

Tarehe hii ya 1918 inabeba maana yote ya klabu. Vita Kuu ya Kwanza vilipokwisha, Istanbul ilikuwa na watoto wengi yatima wa Kiarmenia. Waliobaki hai katika kizazi cha Krissian hawakuanza na timu ya soka. Walianza na chama chenye michezo na skauti pamoja, ili mtoto asiye na wazazi apate kikosi, kiongozi na ratiba ya wiki. Miaka michache baadaye, utawala mpya wa Uturuki ulipoushika mji, wengi walikimbia, nao walikimbia na mfumo huo kichwani. Kwa hiyo tawi lilipofunguliwa Beirut, na jingine Halab (Aleppo), Syria, hawakuanza na karatasi tupu. Muundo huo upo hata leo, skauti wakiwa idara kamili yenye makundi yake ya umri. Mkiihesabu klabu hii kwa soka peke yake, mtaiona kama klabu iliyoporomoka, kwa sababu timu yake ya soka ilishuka daraja. Lakini timu ya mpira wa kikapu ya klabu hiyohiyo ilitwaa ubingwa wa vilabu vya nchi za Kiarabu mwaka 2017 na ubingwa wa Lebanon mwaka 2018, wa kwanza katika historia yake.

Jedwali lenu limeacha nje matokeo makubwa kuliko yote ya soka lake nje ya nchi. Kama bingwa wa 1968/69, Homenetmen ilikwenda Tehran mwaka 1970 kwenye mashindano ya vilabu bingwa vya Asia. Ilifika nusu fainali, ikakataa kucheza na Hapoel Tel Aviv ya Israeli, ambayo ilipewa ushindi wa mezani, kisha ikaifunga PSMS Medan ya Indonesia na kushika nafasi ya tatu.

Na kwa kuwa makala iligusa Afrika Mashariki, hapo pia pana nyongeza. Ethiopia ilipopata ubingwa wake wa kwanza wa soka mwaka 1944, timu zilikuwa tano, kila moja na jamii yake: St. George ya Waethiopia, Fortitudo ya Waitalia, Olympiakos ya Wagiriki, Ararat ya Waarmenia, na timu ya ujumbe wa kijeshi wa Uingereza, ambayo ndiyo iliyoshinda. Ararat hiyo ya Addis Ababa msiichanganye na Ararat ya Tehran wala ya Yerevan. Ararat ni jina la mlima, na Waarmenia wamelitumia karibu kila walikokaa.

Tunaomba jedwali lirekebishwe katika toleo lijalo, likiwa na mistari miwili badala ya mmoja: Homenetmen 7, Homenmen 4.

Wasomaji wenu,
Tanga