Kwenye jedwali lenu la mashine za kufulia, beringi haimo

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya kulinganisha mashine za kufulia za nyumbani, nikairudia mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mmetuwekea kilo, kasi ya kukamua, matumizi ya umeme, hata kelele. Hamkusema mashine itafunguka vipi siku ikiharibika, wala kama beringi, vile vyuma vya mviringo vinavyolibeba pipa lizunguke, zinaweza kubadilishwa. Mimi nimefua kwa mashine nne tangu 1991, na jambo hilo ndilo ninalotaka kulieleza, maana limenigharimu.

Ya kwanza ilikuwa ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine dogo la kukamulia. Tuliinunua mtoto wetu wa pili akiwa na miezi mitatu, wakati wa nepi za kitambaa. Haikuwa mashine ya kuwasha ukaondoka. Unajaza maji mwenyewe, unazungusha kitasa cha dakika, ikisimama unazitoa nguo zikichuruzika na kuzihamishia pipa la pili. Ukizirundika upande mmoja, pipa linagonga kuta na mashine nzima inatetemeka. Lakini maji ya sabuni nilikuwa na mamlaka nayo. Nilianza na mashuka meupe, zikafuata nguo za rangi, mwisho ovaroli za mume wangu zenye grisi, zote katika maji yaleyale. Nimekuja kutumia mashine za kisasa zaidi, na hakuna iliyoniruhusu kufanya hivyo.

Iliharibika mara mbili. Mara moja pipa la kukamulia lilinguruma bila kuzunguka, kumbe kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, imekufa. Mara nyingine ukakatika waya wa breki, ule unaolisimamisha pipa ukifunua mfuniko. Mara zote mbili fundi alifungua skrubu za mgongoni na kila kitu kikawa mbele ya macho yake. Tuliishi nayo miaka 14.

Ya pili, mwaka 2005, ilikuwa ya kujiendesha yenyewe, ya kupakiwa nguo kwa juu, yenye mhimili mrefu katikati unaozisukuma nguo huku na huku. Raha ya kwanza ilikuwa kubonyeza na kwenda zangu. Dakika 40 tu, kazi imekwisha. Ila ilikunywa maji sijapata kuona. Siku moja niliuelekeza mpira wa maji machafu kwenye ndoo za lita 20 ili nijue ukweli: kufua na kusuuza kulijaza ndoo saba. Lita 140 kwa mzigo mmoja! Tena mhimili ule ulizisokota nguo. Mikono ya mashati ilifungamana nao, vifungo vikang'oka, na sweta moja niliyofumiwa na mama yangu ilitoka imevutika hata haikuvalika tena. Mwaka wa nane sanduku la gia likaanza kuvuja mafuta na kuacha madoa ya kahawia kwenye nguo safi, tukaachana nayo. Sikuisikitikia.

Ya tatu ndiyo ninayotaka wasomaji wenzangu waielewe. Tuliinunua 2013, ya mlango wa mbele. Kufua kwa mara ya kwanza nilichungulia kwenye kioo cha mlango nikaona maji kidogo chini ya nguo, nikadhani bomba limeziba. Halikuziba. Mashine ya aina hii hainyanyui maji mpaka juu. Pipa limelala, linazibeba nguo na kuziangusha, na kule kuanguka ndiko kunakotoa uchafu. Mzigo mzima ulitumia lita 50 na kitu, nilipima kwa ndoo zilezile. Ilikamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, nguo zikatoka karibu kavu. Ubaya wake ni muda, maana mashuka kwenye nyuzi 60 yalichukua zaidi ya saa mbili, na sehemu kubwa ya umeme wake huenda kwenye kupasha maji. Nilipojifunza kufua kwa nyuzi 30 na sabuni isiyo na povu jingi, matumizi yalishuka waziwazi. Inataka pia utunzaji: kufuta raba ya mlango, kuacha mlango wazi ipumue, kusafisha chujio la pampu. Nikipuuza kwa wiki tatu, harufu ya uvundo inanikumbusha.

Mwaka wa tano mota ilisimama. Fundi akatoa vipande viwili vya makaa, vile vinavyopeleka umeme kwenye mota kwa kusuguana nayo, vimelika hadi kubaki vifupi kama ukucha. Akaweka vipya kwa nusu saa. Mwaka 2020 binti yetu alipoolewa tukampa mashine hiyo. Mwaka jana ikaanza kunguruma wakati wa kukamua. Mlinzi wa beringi, ile pete ya raba inayozuia maji nyuma ya pipa, ulikuwa umechoka. Maji yakapenya, grisi ikatoka, kutu ikaingia. Fundi alilitoa pipa la nje, lile linaloshika maji, ambalo ni nusu mbili zilizofungwa kwa bolti pande zote, akalifungua, akagonga beringi mbili za zamani zikatoka, akaweka mpya na raba mpya. Jioni ileile binti alikuwa anafua.

Sasa ya nne, niliyoinunua mimi baada ya kumpa binti ya tatu. Ukiisoma kwa jedwali lenu ingeshinda: kimya, kilo nyingi, mota isiyo na makaa kabisa. Miaka mitano haikutimia, ikanguruma vilevile kama ndege inayopaa. Nikaita fundi yuleyule. Akaitoa kava ya nyuma, akamulika kwa tochi, akanyamaza. Kisha akanionyesha: nusu mbili za pipa la nje hazikufungwa kwa bolti, zimeyeyushwa na kuunganishwa kiwandani. Huwezi kuifikia beringi bila kulikata pipa kwa msumeno. Kiwandani wanauza pipa zima tu, la nje na la ndani pamoja, kwa bei inayokaribia mashine mpya. Mota yangu nzima. Pampu nzima. Kinachoiua mashine ni vyuma viwili vya mviringo vinavyoenea kwenye kiganja changu.

Umoja wa Ulaya uliweka kanuni, ikaanza kutumika Machi 2021, inayowalazimu watengenezaji kuwa na spea za mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya kuacha kuuza toleo husika. Nilifurahi niliposikia. Lakini kanuni hiyohiyo inaruhusu beringi iuzwe pamoja na pipa, kwa hiyo mlango niliogongana nao mimi bado uko palepale. Aliye na uwezo wa kuuliza kabla ya kununua, aulize.

Na ninyi ndio mnaoweza kutuulizia, Mhariri, kwa kuwa muuzaji niliyemuuliza dukani hakujua kabisa ninachokisema. Mtakapolinganisha tena, ongezeni safu mbili: pipa la nje limefungwa kwa bolti au limeunganishwa moja kwa moja? Na je, beringi inauzwa peke yake? Iwapo nafasi ni finyu, ondoeni safu ya rangi.

Fundi amenishauri nimuuzie mota na pampu awawekee wengine, nami nimekubali. Kwa sasa kila Jumamosi nguo zangu nazipeleka kwa binti, kwenye mashine ya 2013.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mama wa watoto wanne