Mjadala wa Alhamisi: hekalu, katiba na waziri mkuu

Habari za jioni wanakikundi,

Alhamisi saa 2 usiku tunaendelea na utaifa wa kidini. Safari hii tubaki India tu. Wiki iliyopita tulirukaruka nchi sita tukatoka mikono mitupu.

Anzeni na Ayodhya, mji wa kaskazini mwa India ambako Wahindu wengi wanaamini ndiko alikozaliwa mungu wao Rama. Tarehe 6 Desemba 1992 umati wa Wahindu ulipanda juu ya kuba za Msikiti wa Babri uliokuwa hapo ukaubomoa kwa nyundo na sululu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema ubomoaji ule ulivunja sheria, ila kiwanja ikakitoa kijengwe hekalu la Wahindu, na Waislamu wapewe ekari 5 kwingine. (Someni hapo mara mbili.) Januari 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi alishiriki mwenyewe ibada ya uzinduzi wa hekalu hilo.

Mimi nakwama hapa: tangu marekebisho ya 1976, utangulizi wa katiba yao unasema wazi kuwa dola haifungamani na dini. Sasa yule aliyeingia hekaluni ni muumini au serikali?

Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, jamani. Na atakayetukana dini ya mtu, namtoa kwenye kikundi.