Fishi moja kwa kila mzee wa jeshi: barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya afya ya wanajeshi wastaafu, Lubumbashi

Mheshimiwa,

Tunakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako. Hii ni barua yetu ya tatu ya kuomba fishi, yaani karatasi moja ya kumbukumbu za afya, kwa kila mzee wa jeshi. Mbili za kwanza tulizileta kwa mkono, na nakala zenye muhuri wa mapokezi tunazo. Hazikujibiwa. Tunaandika sasa mbele ya watu wote kwa sababu wiki mbili zilizopita mzee mmoja, ajida mstaafu mwenye miaka 71, alianguka kwenye foleni ya pensheni akavunjika nyonga. Wauguzi walipompima, moyo wake ulikuwa unapiga mara 42 kwa dakika. Mfukoni alikuwa na chupa ya matone ya timololi aliyopewa na marezidenti wa optometria (wapimaji wa macho walio katika mazoezi ya kazi) kwa ajili ya glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho, na karatasi ya atenololi aliyoandikiwa kwenye kituo cha afya kwa ajili ya presha ya damu. Dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja, na zote hupunguza mwendo wa moyo. Aliyeandika ya kwanza hakujua ya pili, na aliyeandika ya pili hakujua ya kwanza.

Hatuapi kwamba dawa ndizo zilizomwangusha. Jua lilikuwa kali na mzee hakuwa amekula tangu alfajiri. Lakini hakuna aliyehesabu mapigo yake kabla ya kumpa tone la kwanza, na hilo si kosa la kijana aliyempa. Kijana huyo alikuwa peke yake chini ya hema, na wazee wengi mbele yake, bila msimamizi na bila kipimo cha presha.

Watu wengi hudhani tone la jicho hubaki jichoni. Halibaki. Jicho haliwezi kushika hata tone moja zima, kwa hiyo linalozidi hupita kwenye tundu dogo la kona ya ndani, likashuka puani na kuingia katika damu bila kupitia ini. Ndiyo maana timololi ya asilimia 0.5 inaweza kumbana pumzi mwenye pumu, au kuupunguza mno mwendo wa moyo ambao tayari unapiga polepole. Kinga yake haigharimu hata franga moja: mzee afumbe macho, abonyeze kwa kidole kona ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili au tatu, tone moja tu, na kama kuna dawa ya pili asubiri dakika tano. Mkono ukitetemeka, aegemeze kiganja kwenye paji la uso, au mke au mjukuu amtilie. Chupa ya mililita 5, kwa macho mawili mara mbili kwa siku, hutosha karibu mwezi mmoja. Mzee anayeimaliza kwa siku kumi na mbili anaimwaga shavuni, na anayekaa nayo miezi mitatu hatumii. Kuangalia chupa tu kunatosha kujua hilo, lakini ni lazima pawepo mahali palipoandikwa siku aliyoipewa.

Mheshimiwa, mwaka jana ulisimama chini ya mwembe wa kampi ukawaambia wazee kwamba kabla ya mvua za Novemba watakuwa na chumba cha macho chenye vifaa, daktari wa kusimamia marezidenti, na fishi ya kudumu kwa kila mmoja. Wazee walipiga makofi. Mvua zilikuja zikaenda, na kilichofika ni sanduku la miwani ya kusomea.

Hatuidharau miwani. Mtu wa miaka 65 akipewa lenzi ya +2.50 au +3.00 akaweza kusoma jina lake kwenye orodha ya malipo, amesaidika kweli. Tatizo ni mzee anayepewa miwani mara tatu kwa miaka mitatu na bado haoni. Kabla ya sanduku kufunguliwa, kila jicho lipimwe peke yake, mita tano kutoka kwenye ubao, na asiyesoma herufi aonyeshwe ubao wa E aelekeze kwa kidole. Akifika tatu juu ya kumi (kumi ndiyo kuona kamili) akakwama, atazame kupitia kibao cheusi chenye kitundu cha milimita moja na kidogo. Akisogea mpaka saba au nane, miwani itamfaa. Asiposogea, mara nyingi ugonjwa uko ndani ya jicho: mtoto wa jicho, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) au neva ya kuonea. Kibao hicho hukatwa kwa boksi na sindano ya moto. Katika kampeni ya mwisho ya kupima macho hakikuwepo hata kimoja.

Kuna pia mzee anayekuja akifurahi: «Macho yangu yamepona, sasa nasoma Biblia bila miwani.» Huyo ndiye wa kushikwa mkono na kuketishwa. Katika umri huo, kusoma ghafla bila miwani kunatokana mara nyingi na mtoto wa jicho anayeanza kuwa mgumu katikati ya lenzi ya ndani ya jicho, au na sukari iliyopanda mpaka lenzi ikabadilika. Ukimtengenezea miwani siku hiyo, sukari ikishuka haitamfaa tena, naye atasema marezidenti hawajui kazi. Kwanza tone la damu kidoleni. Akiwa hajala, miligramu 126 kwa desilita na kuendelea, ikirudiwa siku nyingine, ni kisukari. Mpeleke kwa daktari, sukari itulie wiki kadhaa, ndipo upime miwani. Na mwenye kisukari lazima retina yake itazamwe kila mwaka hata akisema anaona vizuri, kwa sababu mishipa huvuja damu muda mrefu kabla ya yeye kusikia lolote.

Kuitazama retina kunahitaji kutanua mboni, na hapa ndipo huduma yetu inapovunjika. Tropikamidi ya asilimia 1 huchukua dakika 20 hadi 30, na kwenye macho meusi kama yetu mara nyingi hutiwa mara ya pili. Kabla ya kulitia, mulika tochi kutoka upande wa sikio. Upande wa pua ukibaki kivulini, nafasi ya mbele ya jicho ni finyu, na tone hilo linaweza kupandisha presha ya jicho ghafla. Huyo asitiwe mpaka msimamizi amwone. Baada ya tone, mzee ataona ukungu saa kadhaa, hawezi kupanda pikipiki peke yake mpaka Ruashi au Katuba. Ni lazima aambiwe tangu siku ya miadi aje na mtu. Hakuna anayemwambia, basi anakataa tone, rezidenti anaandika «retina haikuonekana», na mwaka mwingine unapita.

Glakoma nayo mara nyingi haina maumivu. Inakula pembeni, polepole, na kilichopotea hakirudi. Sisi watu weusi hutupata mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Presha ya jicho ya kawaida ni kati ya 10 na 21, lakini namba moja haitoshi. Hupanda na kushuka katika siku, kwa hiyo saa ya kupima iandikwe. Wapo wenye 18 ambao neva yao inakufa, na wenye 24 ambao ni wazima. Kinachoamua ni neva yenyewe: shimo lake linakua? Jicho moja limezidi jingine? Basi fikiria 24 iliyoandikwa kwenye daftari la rezidenti ambaye amemaliza zamu akarudi kwao na daftari lake. Mwaka unaofuata mwingine anaandika 28 katika daftari jingine. Wa tatu anaona 31 na kudhani ndiyo mara ya kwanza. Taarifa zote tatu zilipatikana, na hakuna aliyeziona pamoja. Tunaamini, Mheshimiwa, kwamba wengi wa wazee wanaoongozwa na wajukuu leo wamepofukia humo, ndani ya madaftari.

Hata kipimo chenyewe cha presha ya jicho, tonometa, kinataka macho ya msimamizi. Tonometa ya zamani ya kuweka juu ya jicho hujaribiwa kwanza kwenye kibati chake, mshale usome sifuri. Kipini kikikwama kwa machozi yaliyokauka, jicho laini huonekana gumu, na mtu mzima huanzishiwa dawa ya maisha. Latanoprosti, tone jingine la glakoma ambalo lingewafaa wenye pumu, kwa kawaida hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa. Sanduku lililokaa mchana kutwa ndani ya gari, hatujui tena tunatia nini.

Hawa si wagonjwa wa kawaida, na ndiyo sababu wanastahili kuulizwa maswali ambayo mtu mwingine haulizwi. Walioshika silaha katika vita ya siku themanini hapa Shaba (jina la Katanga wakati huo) mwaka 1977 na ile ya siku sita Kolwezi mwaka 1978, leo wamefika au wamepita miaka 65. Muulize kama aliwahi kupigwa kichwani au kulipukiwa. Pigo la jicho huweza kuharibu njia ya kutolea maji ya jicho, na glakoma ikajitokeza miaka kumi au ishirini baadaye, katika jicho hilo moja. Kipande cha chuma kilichobaki ndani hupata kutu na kuitia retina sumu, na mwenye nacho asiingizwe kwenye mashine ya picha ya sumaku kabla ya kupigwa eksirei. Muulize alitumikia wapi. Aliyekaa miaka karibu na mito yenye maji ya mbio anaweza kuwa na usubi (upofu wa mto), na dawa yake, ivamektini, huua wadudu wachanga tu huku wakubwa wakiishi zaidi ya miaka kumi. Aliyetoka misitu ya kaskazini anaweza kuwa na minyoo ya Loa loa, na wadudu wake wachanga wakiwa wengi katika damu, ivamektini hiyohiyo inaweza kumdhuru ubongo. Muulize kama anameza dawa ya kifua kikuu: ethambutoli hudhuru neva ya jicho, na dalili ya mapema ni kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Muulize kama anakunywa lutuku, kwa maana pombe iliyopikwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha ndani ya siku moja au mbili tu. Muulize dawa ya tezi dume. Aliyemeza tamsulosini, hata kama aliacha, daktari wa upasuaji wa mtoto wa jicho lazima ajue, kwa sababu sehemu ya jicho yenye rangi hulegea na kutoka kwenye kidonda mikononi mwake.

Marekani, katika hospitali za wanajeshi wastaafu, rezidenti wa optometria ni mtu aliyekwisha kupata shahada yake, anaongeza mwaka mmoja wa mazoezi chini ya wasimamizi. Anaandika katika faili lilelile analosoma daktari wa moyo na wa kisukari. Akiandika timololi, atenololi iko mbele ya macho yake. Hatuombi majengo yao wala kompyuta zao. Tunachotaka ni hilo faili moja, hata likiwa la karatasi.

Tumeshalichora. Ni karatasi ngumu inayokunjwa mara moja katikati, ikae kwenye nailoni pamoja na kadi ya pensheni, mzee mwenyewe aitunze. Ukurasa wa kwanza: alikotumikia, majeraha, dawa zote anazomeza na anazotia. Wa pili: presha ya damu, ikipimwa baada ya kuketi dakika tano bila kuongea na mkono ukiwa usawa wa moyo, kisha mapigo na sukari. Wa tatu: kila jicho peke yake, bila kitundu na kwa kitundu, presha ya jicho na saa yake, hali ya neva, tarehe ya kutanuliwa mboni. Wa nne: saini ya rezidenti na saini ya msimamizi. Presha ya damu ikiwa 180 juu ya 120 au zaidi na mzee anaona ukungu au kichwa kinampasuka, au akisema jicho moja lilizimika dakika chache likarudi, haendi nyumbani na miwani. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Tulikuomba chumba, tukakuomba mashine, tukakuomba dawa. Leo tunaacha yote hayo pembeni. Toa agizo kwamba hakuna tone wala miwani kwa mzee yeyote wa jeshi bila fishi hiyo kusomwa na kuandikwa, hemani na kwenye kituo cha afya pia, na mtaje kwa jina msimamizi atakayekuwepo kila siku ya kupima. Mfano wa fishi tumeuambatanisha kwa mara ya tatu. Wazee wanarudi Jumatano ijayo saa mbili asubuhi, na ajida wetu bado yuko kitandani, chupa ya timololi iko mezani kwake, anauliza kama aendelee kuitia. Rezidenti aliyempa amekwisha maliza zamu.

Kwa heshima,

Wapimaji wa macho na wauguzi wanaowahudumia wanajeshi wastaafu, Lubumbashi